Kula vizuri Porto: kutoka Alhamisi hadi Jumatatu

Porto, mji wa pili kwa ukubwa Ureno, una chakula kizuri kila mtaa. Kinachowaponza wageni ni saa na siku. Anayeingia mgahawani saa kumi jioni atakuta jiko limezimwa, na anayetamani samaki wa kuchoma Jumatatu atauziwa aliyelala. Kwa hiyo ratiba hii imepangwa kufuata kalenda ya wapishi na wavuvi wa mji, kwa mtu anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatatu.

ALHAMISI

Kutoka uwanja wa ndege wa Francisco Sá Carneiro, metro ya mstari E, ule wa zambarau, inafika Trindade katikati ya mji kwa nusu saa hivi. Tiketi yake ni ya Z4, yaani ya kanda nne, na hupakiwa kwenye kadi ya Andante. Kila msafiri awe na kadi yake, na aigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Stesheni nyingi hazina vizuizi, ndiyo maana wageni husahau, na wakaguzi hawasikilizi udhuru.

Ukiweza, fika kabla ya saa saba mchana, uache begi, uende kula moja kwa moja. Chakula cha mchana ndicho mlo wa Porto ambao pesa yako inanunua kingi zaidi. Huanza saa sita na nusu, na saa tisa mpishi anavua aproni. Tafuta tasca, yaani mgahawa mdogo wa familia wenye meza chache, ambao dirishani umebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Hiyo ndiyo orodha ya prato do dia, chakula cha siku. Mara nyingi bei moja, kati ya euro 8 na 12, inachukua supu, sahani kuu, mkate, kinywaji na kahawa. Vyakula viwili au vitatu vimepikwa asubuhi hiyo kwa wafanyakazi wa jirani wanaorudi kila siku, na mpishi hathubutu kuwalisha kiporo. Ukiona menyu ya lugha sita yenye picha, na kijana mlangoni anakuvuta mkono, pita. Hao wamejaa zaidi ukingoni mwa mto, mtaa wa Ribeira. Panda mlima dakika kumi tu na bei itashuka.

Ukishaketi, vitaletwa mkate, zeituni, siagi, pengine jibini au soseji zilizokatwa, kabla hujaagiza lolote. Hii ni couvert, na si zawadi. Kila kitu kina bei yake kwenye menyu. Sheria ya Ureno iko upande wako: usichoagiza na usichokigusa hakiwezi kutozwa. Kama huvitaki, sema mapema "Pode levar, obrigado" (mwanamke atasema "obrigada"), na mhudumu ataviondoa bila kununa. Mkate wa mahindi uitwao broa ubakize, maana unastahili bei yake.

Angalia pia safu mbili za bei. Dose ni sahani kamili, na Porto dose moja huwashibisha watu wawili wenye njaa ya kawaida. Meia dose ni nusu, na kwa mtu mmoja inatosha kabisa. Wageni wengi huagiza dose kila mtu, wakaacha nusu mezani, kisha wakasema Porto ni ghali. Mkiwa wawili, agizeni dose moja na supu mbili.

Jioni ya kwanza iwe nyepesi. Migahawa hufungua tena saa moja au moja na nusu usiku, na wenyeji huanza kuonekana saa mbili. Agiza caldo verde, supu ya viazi vilivyopondwa pamoja na kitunguu na mafuta ya zeituni, inayotiwa majani ya couve galega yaliyokatwa membamba kama nyuzi. Mtu wa Nairobi au Arusha ataitambua mboga hiyo mara moja, kwani ni ndugu wa sukuma wiki, ila imekatwa kwa wembamba ambao sukuma haijawahi kuuona. Majani huingia sufuriani dakika chache za mwisho. Yakiwa ya kijani kibichi, supu ni ya leo. Yakiwa yamegeuka rangi ya zeituni, imepashwa moto tena na tena.

Ndani ya bakuli hilo kutakuwa na kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe. Hapa wasomaji wasiokula nguruwe wanahitaji maelezo ya kina, kwa sababu nguruwe wa Ureno hujificha. Yumo kwenye supu za maharage, juu ya wali wa bata, ndani ya njegere, na mafuta yake, banha, hutumika hata kwenye baadhi ya mikate na vitafunio. Alheira, soseji ya kuku na mkate ambayo historia yake inahusishwa na Wayahudi waliojificha wakati wa mahakama ya dini ya Kikatoliki (Inquisition), leo mara nyingi ina nguruwe pia. Usiulize tu kama sahani ni ya nguruwe, maana mhudumu atajibu hapana akifikiria nyama kuu. Uliza "Leva chouriço, presunto ou banha?", yaani kama mna soseji, paja lililokaushwa au mafuta yake. Nyama ya halali haipo katika migahawa ya kawaida, na divai huingia kwenye michuzi mingi. Kwa hiyo samaki wa kuchomwa kwa chumvi, viazi vya kuchemsha na saladi ndiyo njia salama, na kwa bahati nzuri ndiyo njia tamu kuliko zote mjini hapa.

IJUMAA

Kifungua kinywa ni cha kusimama kaunta. Kahawa ndogo kali kaunta ni karibu euro moja, na ukikaa kwenye meza za nje bei inaweza kupanda sana. Duka hutakiwa kubandika bei hizo, basi zisome kwanza. Anayetaka maziwa aagize meia de leite, kikombe cha nusu kwa nusu, au pingo, kahawa ndogo yenye tone la maziwa. Pamoja nayo chukua torrada, slesi nene za mkate wa kubanika zilizolowa siagi.

Pastel de nata, kitafunio cha kastadi ndani ya unga wa tabaka, ni mtoto wa Lisbon, lakini Porto inamwoka vizuri. Manteigaria, katika mtaa wa Rua Alexandre Braga pembeni ya soko la Bolhão, huoka siku nzima mbele ya macho ya wateja. Kinachoamua ni dakika. Unga wa tabaka unakaa mkavu muda mfupi tu, kisha kastadi inaulainisha. Kula ikiwa ya uvuguvugu, nyunyiza mdalasini, na usibebe boksi la nata sita ukale kesho. Madoa meusi juu si kuungua. Ni sukari na kiini cha yai vilivyopigwa na moto mkali wa oveni, na nata isiyo na madoa imeokwa kwa moto dhaifu.

Kisha ingia Bolhão. Jengo ni la 1914, lilifungwa 2018 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Septemba 2022. Wauzaji wako kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku siku za kazi, Jumamosi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili hakuna soko. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, makundi ya watalii hayajaingia. Wanaouza glasi za divai na chaza pembezoni ni wa wageni. Wewe waendee wamama wa samaki na wa mboga. Hata kama hupiki, tazama macho ya samaki na bei za kilo, ili jioni ujue mgahawa unakutoza nini.

Jibini la kuonja ni la Serra da Estrela, la maziwa ya kondoo. Huganda kwa ua la mbaruti wa jamii ya cardo, bila chachu itokayo tumboni mwa ndama, jambo linalowafaa wanaochunguza asili ya chachu. Likiwa bichi, ndani ni laini kiasi cha kuchotwa kwa kijiko: kata kifuniko cha juu, chota, kirudishe. Muulize muuzaji akupe gramu 200 badala ya kukununulisha kipande kizima cha kilo. Mbele ya soko, Rua Formosa, kuna A Pérola do Bolhão, duka la 1917 lenye vigae vya rangi usoni, la matunda makavu, jibini na bacalhau.

Na hapo kwenye bacalhau ndipo Ijumaa inapostahili kukaa muda mrefu. Ni samaki wa bahari ya baridi, kutoka Norway na Iceland, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Watu wa Pwani tulio na ng'onda tunaielewa kazi hiyo. Madukani hupangwa kwa uzito: anayezidi kilo tatu huitwa especial, wa kilo mbili hadi tatu graúdo, wa kilo moja hadi mbili crescido. Kadiri alivyo mkubwa ndivyo mnofu wa mgongoni, lombo, unavyokuwa mnene, na unene ndio unaolipiwa.

Kila kosa la bacalhau huanzia kwenye kuloweka. Vipande huwekwa kwenye maji baridi mengi, ngozi juu ili chumvi ishuke bila kizuizi, ndani ya friji. Vyembamba saa 24, vinene hadi 48, na maji yabadilishwe mara tatu au nne kwa siku. Maji yasipobadilishwa chumvi haina pa kwenda. Bakuli likiachwa kwenye joto la jikoni, samaki huanza kunuka. Akizidishiwa kuloweka, anabaki pamba isiyo na ladha. Sahani ikija mezani, bonyeza mnofu kwa uma. Aliyepikwa sawasawa huachana kwa majani manene yanayong'aa, yenye utelezi kidogo. Akitoka nyuzinyuzi, amechemshwa mno.

Sahani ya Porto yenyewe ni bacalhau à Gomes de Sá, iliyobuniwa na José Luís Gomes de Sá Júnior, mfanyabiashara wa bacalhau wa mji huu aliyefariki 1926. Ukiwa umekodi nyumba yenye jiko, jioni moja inatosha. Chukua nusu kilo ya samaki aliyekwisha kulowekwa, nusu kilo ya viazi, vitunguu viwili, punje ya kitunguu saumu, mayai mawili ya kuchemsha, desilita moja na nusu ya mafuta ya zeituni, maziwa, zeituni nyeusi na majani ya salsa (parsley). Mwagia samaki maji yanayochemka, funika dakika 20, toa ngozi na miiba, mchambue vipande, kisha umfunike kwa maziwa ya moto saa moja na nusu au zaidi. Maziwa ndiyo siri: hunyonya ukali wa chumvi na kulainisha mnofu. Kaanga vitunguu polepole kwenye mafuta yote hadi viwe vya dhahabu, changanya viazi vilivyochemshwa na kukatwa duara, mtie samaki aliyechujwa, peleka kwenye oveni ya moto mkali dakika kumi. Mayai, zeituni na majani ni vya mwisho. Mgahawani, mafuta yakichuruzika chini ya sahani usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa na krimu, umepewa bacalhau com natas, chakula kingine kabisa.

Usiku, wa Pwani watafute filetes de polvo com arroz do mesmo: pweza aliyechemshwa akawa laini, akavikwa unga na yai, akakaangwa, na pembeni wali uliopikwa kwa maji yake mwenyewe. Wali huo hutakiwa kuwa malandrinho, wenye mchuzi unaotiririka. Unaendelea kunyonya ukiwa mezani, basi anza nao kwanza. Ukiuacha dakika kumi umekuwa ubwabwa.

JUMAMOSI

Siku ya Matosinhos, mji wa wavuvi ulioungana na Porto upande wa magharibi. Jumamosi ndiyo siku nzuri kuliko zote, kwa sababu boti zimetoka wiki nzima na soko liko wazi. Kwenda, panda basi namba 500 kutoka katikati ya mji. Linafuata mto Douro hadi Foz, unapoingia baharini, kisha pwani ya Atlantiki, nawe keti upande wa kushoto. Kurudi, metro ya mstari A ni ya haraka zaidi.

Anza sokoni, Mercado de Matosinhos, ghorofa ya samaki. Kisha nenda Rua Heróis de França, ambako majiko ya mkaa yako nje barabarani, moshi mtaa mzima. Fika saa sita na nusu kamili. Ifikapo saa saba na nusu utakuwa kwenye foleni pamoja na familia za Porto nzima. Chagua kwa kutazama mchomaji: mkaa uwe umefunikwa majivu, hakuna ndimi za moto, na samaki wanaoingia wawe wametoka kwenye barafu.

Bei ya samaki mkubwa kwenye menyu ni ya kilo, na hapa ndipo bili huwatoa watu jasho. Tuseme robalo (sea bass) ameandikwa euro 40 kwa kilo. Wa gramu 800 ni euro 32, anatosha wawili. Wa kilo moja na nusu ni euro 60. Mwambie mhudumu akuonyeshe samaki, ampime mbele yako, akutajie bei kabla hajaingia motoni. Ni desturi ya kawaida, wala hakuna atakayekuona mkorofi. Hesabu gramu 400 za samaki mzima kwa kila mtu. Uliza pia kama ni do mar au de aquacultura. Robalo na dourada wa kufugwa ni wa bei nafuu, wana mafuta mengi na ladha pungufu, na hawapaswi kutozwa bei ya wa bahari. Akikuuliza umtake mzima au escalado, yaani aliyepasuliwa na kutandazwa, samaki mnene mchague mzima. Aliyetandazwa hukauka upesi.

Sardini ni habari nyingine. Utamu wake uko kwenye mafuta, na mafuta huja kuanzia Juni hadi Oktoba, kilele kikiwa karibu na sikukuu ya São João, usiku wa tarehe 23 Juni. Wa Februari ametoka kwenye friza, basi wakati huo agiza carapau, wa jamii ya kolekole, au ngisi. Sardini huchomwa mzima, magamba na matumbo ndani, kwa chumvi ya mawe tu. Ngozi na magamba humkinga mnofu usikauke. Mlaze juu ya slesi ya mkate, bandua ngozi, kula mnofu wa juu, nyanyua mwiba wote kwa kichwa, kisha kula wa chini. Samaki wakiisha, mkate uliolowa mafuta ndio fungu la mwisho, na wengi huona ndilo bora. Pembeni agiza viazi vya kuchemsha na saladi ya pilipili hoho za kuchoma.

Hapo hapo Matosinhos kuna kiwanda cha Pinhais, kilichoanzishwa 1920, kinachosindika sardini kwa mikono na kupokea wageni kwa miadi.

Beba pesa taslimu. Migahawa midogo mingine hupokea kadi za mtandao wa Multibanco wa Ureno pekee, na kadi ya nje inakataa. Toa pesa kwenye mashine za Multibanco za benki, achana na zile za rangi kali za mitaa ya watalii zinazokata makato makubwa. Keshia akikuuliza "Com contribuinte?", anataka namba ya kodi ya Mreno. Jibu "Não". Bakshishi si lazima. Acha sarafu za chenji, au asilimia tano mpaka kumi ukihudumiwa vizuri.

JUMAPILI

Siku ngumu. Bolhão imefungwa, tasca nyingi zimefungwa, na zilizo wazi zimejaa familia zinazokula mwanambuzi wa oveni, cabrito assado, au ndama wa kuokwa. Ukiwataka hao, piga simu Ijumaa uweke meza ya saa saba mchana. Bila nafasi iliyowekwa utazunguka bure. Usiku wa Jumapili ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ya francesinha, kwa wanaokula nguruwe na wasioogopa bia kwenye mchuzi. Ni mkate wa tabaka wenye steki, soseji za aina mbili na nyama baridi, umefunikwa jibini lililoyeyuka na kumwagiwa mchuzi wa nyanya, bia na pilipili. Ilizaliwa miaka ya 1950 katika mgahawa wa A Regaleira, kwa mikono ya Daniel David da Silva aliyerudi kutoka Ufaransa. Café Santiago, Rua Passos Manuel, ndiyo inayotajwa zaidi, na foleni yake inathibitisha, lakini kwa kawaida hufunga Jumapili, basi leo tafuta mgahawa mwingine wa francesinha au uiendee siku nyingine. Nenda saa sita kamili au saa kumi jioni, kwani migahawa ya francesinha mara nyingi haizimi jiko katikati. Ila haraka, jibini likipoa linakuwa mpira. Chipsi omba sahani ya pembeni zisilowe, na mchuzi wa ziada uombe mwanzoni. Mara moja kwa safari moja inatosha. Ni nzito, na watu wawili wanaweza kugawana moja bila aibu.

Asiyekula hayo atafute churrasqueira, duka la kuku wa mkaa. Kuku huyu na mchuzi wake wa pilipili umaarufu wake Ureno ulisukumwa na waliorudi kutoka Msumbiji na Angola baada ya uhuru wa 1975. Nusu kuku ni ya mtu mmoja. Mchuzi, molho picante, omba kando.

JUMATATU

Usile samaki wa kuchoma. Mnada wa samaki hulala Jumapili, na kilichoko mezani leo kwa kawaida ni cha Jumamosi au kabla yake. Leo ni ya vyungu.

Tripas à moda do Porto ni utumbo wa ng'ombe uliopikwa saa nyingi na maharage meupe, kwato za ndama, kuku, soseji na karoti, ukakolezwa bizari nyembamba, na kuliwa na wali mweupe. Wenyeji husimulia kwamba 1415 mji uliwapa nyama yote wanajeshi wa majini waliokwenda kuiteka Ceuta, Afrika Kaskazini, ukabaki na matumbo. Maharage meupe, hata hivyo, yalitoka Amerika, ambako Wazungu walikuwa hawajafika bado, basi chungu cha mwaka huo hakikuwa hiki. Si kila mgahawa hukipika kila siku, na karatasi ya dirishani ndiyo inayosema. Chungu kizuri mchuzi wake unaganda midomoni, na harufu ya bizari inatangulia ya utumbo. Harufu ya zizi ikitangulia, utumbo haukuoshwa vya kutosha.

Kabla ya metro, nunua samaki wa makopo Rua Formosa. Bei ya kopo zuri la sardini ni euro mbili hadi tano, na maduka yenye taa za maonyesho huuza yale yale mara mbili yake. Makopo ya mafuta yaingie kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, kwani wakaguzi wanaweza kuyahesabu kama kimiminika. Broa ifunge kwa kitambaa, usiifunge kwa plastiki, itaota ukungu. Na mwenye kurudi Uingereza aache jibini na soseji, maana tangu Aprili 2025 nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe pamoja na bidhaa za maziwa kutoka Umoja wa Ulaya zimezuiwa kwenye mizigo ya abiria. Samaki wanaruhusiwa.